Mwaka Nilipowaketisha Akina Mama

Mwezi uliopita tulimzika Ma Rebeka, na nilitoka makaburini na hasira ambayo mpaka leo haijashuka. Si hasira ya kifo. Ma Rebeka alikuwa ameshakula miaka yake, ugonjwa wake ulijulikana, na alifia kitandani mwake, jambo ambalo hapa Bunia si kila mtu amejaliwa. Hasira yangu ilianza pale Pasta Zakaria aliposhika mikro ya kuhubiria. Amezeeka sasa, anatembea na fimbo, mkwe wake anamshikia Biblia, lakini sauti ni ile ile niliyoisikia darasani nikiwa msichana. Akasema marehemu alikuwa mwanamke wa kungoja. Akasema katika barua za mtume Paulo kuna neno moja la Kigiriki, apokaradokia, na maana yake, wapendwa, ni kukaa kwa utulivu, bila kunung'unika, mpaka Bwana atende kwa saa yake. Watu wakajibu amina. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki, safu ya pili, na nilikishika kile kiti kwa mikono miwili, maana ningesimama ningekirusha. Uongo mtupu! Na mzee yule anajua kwamba ni uongo, kwa sababu ni yeye, si mtu mwingine, aliyenifundisha maana ya neno lile.

Niliondoka bila kumpa mkono, na watu wakaona. Jirani mmoja alinifuata mpaka barabarani. "Solanje, Pasta hukumusalimia? Yeye njo alikusomesha!" Ndiye, kweli, lakini nikamjibu kwamba nina mafua. Mafua! Mwanamke mzima, nywele zimeshaanza kuwa nyeupe, bado ninajificha nyuma ya mafua. Basi nimekaa niandike. Habari za wazazi wangu na mahali nilipozaliwa naziacha, kesi hii si yao. Ninaandika mwaka mmoja tu, ule mwaka niliolala katika nyumba ya Ma Rebeka.

Ulikuwa mwaka ambao watu waliuita amani kwa kukosa jina lingine. Bunduki zilikuwa zimenyamaza mjini, angalau mchana. Magari meupe ya wageni yalipita yakituachia vumbi. Vijana waliokuwa wanatupora kwenye bariyeri, yaani vile vizuizi vya barabarani, walikuwa wamesimama kwenye bariyeri zile zile, tofauti ni kwamba sasa walikuwa na yunifomu mpya na walikuambia asante wakishakupora. Watu walirudi kutoka walikokimbilia wakakuta nyumba hazina mabati, hazina milango, nyingine hazina hata matofali. Wenye ng'ombe walirudi bila ng'ombe. Ukikutana na mtu sokoni, ulimuuliza habari za nyumbani, habari za kazi, habari za mvua. Hukumuuliza wakati wa vita alikuwa wapi na alikuwa anafanya nini. Tulikuwa tunanunua chumvi kwa watu tuliowaogopa, na wao walitupimia chumvi vizuri, na kila mtu alisema Mungu akubariki. Mimi sijawahi kusikia Mungu akitajwa sana kama mwaka ule, na sijawahi kuona watu wakiangaliana kwa macho mabaya kiasi kile.

Nilikuwa nasoma shule ya Biblia, mwaka wa pili, mwanamke peke yangu kati ya wanaume kumi na wawili. Wanawake wengine waliokuwa pale walikuwa wake za wanafunzi, nao walifundishwa kufuma vitambaa na kuosha watoto, kana kwamba walikuwa hawajui kuosha watoto. Chumba nilipewa na Ma Rebeka, fundi wa nguo wa mtaa wa Saio. Cherehani yake ilikaa barazani, na ndani kulikuwa na sebule na vyumba viwili. Mabati yalikuwa na matundu ya risasi. Makubwa aliyaziba kwa lami, madogo aliyaacha, na asubuhi jua lilipita humo likaweka vidoa vya mwanga juu ya meza, nasi tukanywa chai tukiviangalia. Chumba changu kilikuwa cha mtoto wake Janvier, mtoto wake wa pekee. Miaka mitatu kabla ya mwaka ule, Janvier alishushwa kwenye lori, barabara ya Nizi, pamoja na wenzake wanane, wakapelekwa kwa miguu porini, na hakuna aliyerudi. Alikuwa na miaka kumi na sita. Suruali yake ya shule ilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda changu. Siku ya kwanza nilidhani imesahauliwa. Kumbe kila mwaka, shule zikifunguliwa, Ma Rebeka aliishusha, akafumua upindo wa chini, akaongeza urefu kwa kipande cha kitambaa kile kile, kwa kukisia mtoto amefika wapi. Alinionyesha vile vipande bila aibu. "Baba yake alikuwa murefu," akasema. "Huyu naye hatabaki mufupi."

Sasa Pasta Zakaria. Inaniuma kusema hivi, lakini sijawahi kupata mwalimu kama yeye, wala hapa wala huko nje nilikoenda baadaye. Kama angekuwa mwalimu mbovu nisingekuwa na hasira, ningecheka. Siku ya neno lile tulikuwa tumechoka, jua linapiga, wanaume wawili nyuma wanasinzia. Aliandika ubaoni: apokaradokia. Akalikata vipande akatuonyesha kwamba ndani mna kichwa, na ndani mna kutazama. Halafu akaweka chaki chini, akaenda dirishani, akashika nondo za dirisha, akanyoosha shingo nje mpaka mishipa ikasimama na miwani ikamtoka puani. Akakaa hivyo muda mrefu, akitazama barabarani. Waliosinzia wakaamka. Akatugeukia. "Paulo anasema viumbe vyote vinangoja hivi," akasema. "Hakutaka neno la mtu aliyekaa. Alitaka neno la mtu amesimama, ametoa kichwa, ameacha kazi yote, macho iko kwa barabara. Ule mtu ukimwambia akae, hatakaa. Semeni, nani hapa Bunia anangoja hivi?" Mwanafunzi mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Bamama ya kwa bariyeri." Pasta akaokota miwani, akaifuta na shati. "Ndiyo," akasema. "Bale."

Bale, yaani wale, walikuwa nani? Walikuwa akina mama na wake wa wale watu tisa wa lori, na Ma Rebeka kati yao. Kila Jumamosi, baada ya saa sita, walikwenda kwenye bariyeri ya njia ya Nizi, wakasimama upande wa vumbi, wakaangalia kila lori lililoingia, kila uso juu ya magunia. Kama kulikuwa na wanajeshi walioacha bunduki wakirudishwa makwao, waliwaangalia hao zaidi. Watu walipita wakawaonea huruma, wengine wakawacheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nawaonea huruma, huruma ile ya mtu mwenye vitabu. Lakini siku ile nilikimbia nyumbani na daftari mkononi, nikamkuta Ma Rebeka jikoni anakoroga sombe ya majani ya muhogo, na Ma Kahindo amekaa juu ya kinu kilichogeuzwa. Ma Kahindo alikuwa ametoka Butembo kwa biashara ya mafuta ya mawese, na mumewe ndiye alikuwa dereva wa lile lori. Nikawaeleza kila kitu, hata nikanyoosha shingo kama Pasta. Ma Kahindo akacheka mpaka akashika mbavu. Ma Rebeka aliacha mwiko.

"Huyu Paulo alikuwa na mutoto?"

"Hapana, Ma. Hakuoa."

"Sasa alijulia wapi?"

Akashika tena mwiko. Aliniomba nilirudie lile neno, akalisema mara tatu, mara ya tatu akalisema vizuri kunishinda. Jioni ile alinipa sombe mara mbili. Jumamosi iliyofuata nilikwenda nao bariyeri, nikasimama nao, na kutoka siku ile nilihesabiwa kama mmoja wao.

Kisha ikaja siku ya suruali. Nilikuwa chumbani nasoma, na kati ya chumba na baraza kulikuwa na rido tu, pazia la kitambaa. Kijana mmoja alileta kitambaa ashonewe suruali ya kiraia; alikuwa ametoka kambini, amerudisha bunduki, na alitaka kuonekana kama watu. Ma Rebeka akampima kiuno. Akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuuliza unataka mifuko mingapi, alikuwa kikundi gani. Kijana akataja. Nikasikia futi ya kupimia inaacha kusogea.

"Ile lori ya Nizi, weye ulikuwako?"

Kijana akasema, "Nilikuwako, mama. Lakini sikufika fasi balipelekwa. Komanda alituambia siye tulinde lori. Yeye na bengine njo baliingia nabo porini. Bale bengine bote balishakufa. Sasa yeye peke njo anajua."

"Simama vizuri," akasema Ma Rebeka. "Nipime muguu."

Akampima mguu. Akaandika namba. Akamwambia arudi Alhamisi. Kijana alipoondoka nilitoka nikamkuta ameshika meza ya cherehani kwa mikono yote miwili, anahema kama aliyepanda mlima. Nikamwambia asiishone ile suruali, amtupie kitambaa chake. Alinikaripia. "Huyu alisema," akanijibu. "Weye unajua mwengine alisema?" Na akamshonea vizuri, mistari imenyooka, vifungo vimekaza, na Alhamisi kijana aliondoka amevaa, amependeza.

Yule Komanda jina lake sitaliandika. Watu wake bado wako. Mwaka ule alikuwa amepewa cheo jeshini na alikuwa anangoja ndege ya kumpeleka Kinshasa. Kabla hajaondoka kulipangwa maombi makubwa ya upatanisho katika kanisa letu, yeye mbele, wakubwa mbele, wote washikane mikono. Akina mama wakasikia. Walikutana jikoni kwetu, saba, wawili walikuwa wameogopa kuja. Ma Kahindo alitaka wapige kelele. Ma Rebeka akakataa. "Siye hatutafuti kesi," akasema. "Hatutafuti feza. Tunatafuta fasi. Tutasimama, nitamuuliza mara moja tu, mbele ya batu bote, batoto betu na bwana ya Kahindo alibaacha wapi. Kama Janvier iko hai, ataje fasi. Kama alishakufa, ataje fasi, niende nimutoshe kule porini, nimuzike." Katika jamaa ya Ma Rebeka huwezi kukaa matanga bila maiti wala bila mahali. Miaka mitatu alikuwa hajawahi kumlilia mtoto wake hadharani, kwa kuwa kumlilia kungekuwa kumuua. Alichotaka ni kitu kidogo hivyo, fasi, yaani jina la mahali, la kilima au la mto. Kila mmoja akasema atasimama. Na mimi nilikuwa palepale, nimeshika sufuria ya chai, nikasema vizuri sana, Ma, vizuri sana.

Hapa nieleze kazi ya mtafsiri wa mahubiri, maana asiyeijua hataelewa kosa langu. Wakubwa wakija kanisani, mhubiri husema Kifaransa, na mtafsiri husimama kushoto kwake, nusu hatua nyuma, akigeuza kila sentensi kwa Kiswahili. Mhubiri akiinua mkono, nawe inua. Akilia, nawe lia. Na mhubiri akiwa mkavu, na kwa Kifaransa wengi wetu ni wakavu, mtafsiri anaongeza chumvi: anatia "ndugu zangu," anatia "haleluya," anafanya baridi kuwa moto. Hakuna anayekukaripia kwa hilo, ndilo wanalokusifia. Mimi nilikuwa fundi wa kazi hiyo. Watu walisema Solanje akitafsiri, unasahau kuna Kifaransa. Nilikuwa na kiburi nayo, acha niseme ukweli, kiburi kikubwa kuliko imani yangu.

Siku tatu kabla ya maombi Pasta Zakaria aliniita biroo, ofisini kwake. Aliniambia nitatafsiri mimi. Halafu akaniambia, bila kuunganisha mambo hayo mawili, kwamba barua ya bourse imefika, nafasi moja ya kuendelea na masomo nje, na kwamba anafikiria jina langu. Halafu, bila kuunganisha tena, akasema, "Unakaa kwa Ma Rebeka, sindiyo?" Nikasema ndiyo. Akavua miwani. Akasema amesikia akina mama wana mpango. Akasema yule mtu ana vijana kila mtaa, akiaibishwa kanisani usiku huo huo nyumba zitaungua, na za kwanza zitakuwa za akina mama wenyewe. Nakiri hakuwa anaigiza. Mwaka mmoja kabla alikuwa amewatoa watu kwa mikono yake kwenye kanisa linaloungua. Nimejaribu miaka mingi kumtetea kwa ile mikono. Lakini juu ya meza kulikuwa na karatasi ya mahubiri yake, na nikaona neno letu limeandikwa, na pembeni yake kwa Kifaransa: kungoja kwa utulivu. Nikamwambia, "Pasta, darasani hukusema hivi." Akaigeuza ile karatasi uso chini. "Darasani ni darasani," akasema. Angekuwa amenipiga kofi, ningemheshimu zaidi. Nami nikafanya nini? Nilisema ndiyo, Pasta, nikafunga mlango polepole usije ukapiga kelele.

Siku ya maombi kanisa lilijaa mpaka madirishani. Wakubwa kutoka Kinshasa walikaa mbele na tai zao. Komanda alivaa suti ya buluu, pana mabegani, mkewe anampepea kwa programu ya ibada. Akina mama saba walikuwa benchi ya nne, upande wa kulia, wamefunga vitambaa vya kichwa vyeupe vya namna moja. Mimi nilikuwa mimbarani, nusu hatua nyuma ya Pasta. Alihubiri, nikageuza. Alipofika kwenye neno amani, Ma Rebeka akasimama. Hakusema kitu bado. Mbele yake kulikuwa na mwanamume mrefu, basi alisimama kwa vidole, akanyoosha shingo kulia, kushoto, kutafuta uso wa yule mtu. Ma Kahindo akasimama. Wa tatu akasimama. Watu wa protokoli, wale wanaopanga viti, wakaanza kusogea kwenye njia ya kati. Komanda aligeuka.

Pasta Zakaria aliacha karatasi yake. Alisema kwa Kifaransa kwamba neno la leo ni apokaradokia, na kwamba maana yake ni kungoja katika utulivu, na kwamba kila mmoja abaki amekaa. Alisema sentensi hizo tatu, kavu kama ripoti ya polisi, na hakuwaangalia akina mama; aliniangalia mimi. Kati ya sentensi ya mhubiri na ya mtafsiri kuna pumzi moja. Pumzi ile ilikuwa yangu. Kanisa zima lilikuwa linaningoja, na wengi hawakujua Kifaransa. Akina mama hawakujua hata neno moja. Ningeweza kusema kila nilichotaka. Ningeweza kusema maana yake ni kunyoosha shingo, kama mnavyomuona Ma Rebeka. Ningeweza hata kunyamaza, na yeye angeuliza swali lake katika kimya kile. Nikafungua kinywa. "Mama zangu," nikasema, na hilo Pasta hakulisema. "Mama zangu wapendwa, ile neno ni kungoja na moyo mutulivu. Tukae, mama zangu. Mungu iko anaona. Mungu mwenyewe atasema." Hayo yote hayakuwa ya Pasta. Yalikuwa yangu, chumvi yangu, na yalitoka tamu sana, sauti ikatetemeka mahali panapofaa. Wa tatu akakaa. Ma Kahindo akakaa, mkono mdomoni. Ma Rebeka alibaki wima peke yake, akiniangalia mimi, si Pasta wala Komanda, kwa muda ambao sijui kuupima. Kisha akashika mgongo wa benchi ya mbele, akakaa polepole kama mgonjwa.

Dakika kumi baadaye wakubwa walishikana mikono. Komanda alilia akajifuta na leso, na watu wakapiga vigelegele. Nilimtafsiria machozi yake pia. Baadaye wakala wali na mbuzi katika ukumbi, na mimi nikasimama nyuma ya viti vyao nikitafsiri maneno ya mezani, wao wakila. Baada ya siku mbili Komanda alipanda ndege, na Bunia haikumuona tena. Tulisikia alifia huko, na alichokijua kikaenda naye. Nyumba hazikuungua, hilo nalisema kwa haki. Labda Pasta aliokoa nyumba. Sitajua, na yeye hatajua, lakini katika miaka yote hii sijamsikia hata mara moja akisema kwamba aliogopa. Angesema hivyo, ningemsamehe asubuhi ile ile. Badala yake amefanya woga wake kuwa fundisho, amelihubiri kwa wajane, kwa wakimbizi, kwa akina mama wa Djugu ambao bado wanakimbia mpaka leo, na mwezi uliopita akamfunika Ma Rebeka nalo kama sanda. Mwanamke wa kungoja kwa utulivu! Mwanamke aliyekwenda bariyeri kila Jumamosi mpaka miguu ikamkatalia, aliyefika Mambasa kwa miguu na malori kwa sababu mtu alimwambia kuna kijana anayefanana na wake! Mwenye utulivu hapo ni nani? Tuliokuwa watulivu ni sisi, mimi na yeye, pale mimbarani. Na mimi nilipata bourse. Nilikwenda, nikasoma, nikarudi na diploma, nikafundisha Kigiriki, na kila mwaka nilipofika kwenye neno lile nililipita haraka nikisema muda umekwisha.

Watu wakiuliza nina hasira na nani, ninasema na Pasta, na ni kweli. Lakini jioni ya siku ile ya maombi nilirudi Saio jua linashuka, nimekaa na njaa tangu asubuhi. Ma Kahindo hakuwepo. Hakuja tena kwetu nikiwepo. Ma Rebeka alikuwa jikoni. Alikuwa amepika bugali na ndakala, vile visamaki vikavu, akanipakulia, akaweka sahani mbele yangu, akaketi ng'ambo ya jiko la makaa. Nilianza kusema. Nikamwambia mimi nilikuwa natafsiri tu, kwamba yale ni maneno ya Pasta, kwamba mtafsiri hana maneno yake.

"Nasikia," akasema.

Nikaendelea kusema. Aliniacha mpaka nikaishiwa.

"Pasta namujua tangu zamani," akasema. "Ingekuwa yeye peke, ningebaki wima, bangenitosha inje na nguvu. Nilikaa sababu ilikuwa sauti yako. Nikasema huyu mutoto iko kwetu, anajua ile neno. Kama yeye anasema tukae, iko kitu ameona." Akasogeza chungu kutoka motoni. "Uliona nini, Solanje?"

Alingoja, ananiangalia, na mimi nikashusha macho kwenye sahani, nikala, nikaimaliza yote.